Taa ya O/D Ikipepesa: Usikimbilie Kubadili Giaboksi

Barabara itokayo Mbinga kwenda Mbamba Bay ina urefu wa kilomita zipatazo 66. Anayetoka Mbuji, Litembo au vijiji vingine vya Umatengo, kwenye mashamba ya kahawa na ngoro za mahindi, huiacha baridi ya milimani na kushuka hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Lami imeiondolea safari hiyo adha ya tope, na leo gari dogo la familia huimaliza bila taabu. Hata hivyo, mwendo umeongezeka ilhali miteremko na makona ni yale yale, na magari mengi madogo tunayoyatumia ni ya Kijapani yaliyokwisha kula chumvi nyingi, yenye giaboksi ya otomatiki.

Ubavuni mwa mkono wa gia wa magari hayo pana kitufe kidogo, na kwenye dashibodi pana taa yenye maandishi O/D OFF. Baba akiiona inawaka humpelekea fundi gari, na mara nyingine hurudi na habari ya kuhuzunisha: giaboksi imekufa, itafutwe nyingine. Fedha za ada ya mtoto au za mbolea ya kahawa huishia hapo, na pengine kosa lilikuwa waya mmoja uliokatika.

Ovadraivu ni nini?

Katika giaboksi nyingi za otomatiki zenye gia nne, gia ya tatu huifanya injini na shafti itokayo kwenye giaboksi zizunguke sawasawa. Gia ya nne, ambayo ndiyo ovadraivu, huipunguzia injini kazi. Katika giaboksi ya Toyota aina ya A340, kwa mfano, injini huzunguka takriban mara 705 wakati shafti ikizunguka mara 1,000. Faida yake ni mafuta kidogo, kelele kidogo na uchakavu kidogo katika safari ndefu.

Wazo hili si geni. Mwingereza Edgar de Normanville alibuni ovadraivu iliyotengenezwa na kampuni ya Laycock mjini Sheffield, nayo ikafungwa katika magari ya michezo kama Triumph TR2, Austin-Healey na MGB. Wanaoyatunza magari hayo hadi leo wana utaratibu mmoja ovadraivu inapogoma: hukagua kwanza oili, kisha umeme, na giaboksi hufunguliwa mwisho kabisa. Utaratibu huo unatufaa nasi.

Taa iliyowaka na taa inayopepesa

Taa ikiwaka tuli, aghalabu maana yake ni kwamba kitufe kimebonyezwa na ovadraivu imezimwa. Pengine mtoto alikigusa akicheza. Kibonyeze tena, taa ikizimika, hapakuwa na ugonjwa.

Taa ikipepesa yenyewe wakati wa safari, kompyuta ya gari imegundua kasoro na kuihifadhi kwa namba. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, fundi anayejua kazi huunganisha kwa waya mfupi matundu ya TE1 na E1 kwenye soketi ya uchunguzi, huku swichi ya gari ikiwa imewashwa, injini imezimwa na ovadraivu iko tayari, yaani taa haijawashwa kwa kitufe. Taa hupepesa namba. Namba 42 na 61 huelekeza kwenye sensa za mwendo. 62 na 63 kwenye solenoidi za kubadili gia. 64 kwenye solenoidi ya kufunga klachi ya ndani. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo sawa, hakuna namba iliyohifadhiwa.

Hata namba ya solenoidi si hukumu ya kifo. Waya na soketi zake zipimwe kwanza, kisha solenoidi yenyewe. Katika A340, solenoidi nzima za kubadili gia huonyesha omu 11 hadi 15.

Oili nayo ina ushahidi wake. Ipimwe gari likiwa mahali tambarare, injini imepata moto na inanguruma, baada ya mkono wa gia kupitishwa nafasi zote na kurudishwa P. Oili nyekundu safi ni dalili njema. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni dalili ya klachi zilizochakaa. Ikiwa na rangi ya maziwa yenye wekundu, maji ya rejeta yamevuja ndani, na gari lisiendeshwe tena hadi litengenezwe.

Baridi ya milimani na thamostati

Ipo sababu moja inayosahauliwa sana. Kompyuta huikataa gia ya nne hadi maji ya injini yapate joto la kutosha, nyuzi 55 hivi kwa baadhi ya Toyota. Mafundi wengi huing'oa thamostati ili injini isichemke. Gari la namna hiyo, katika asubuhi ya baridi ya Umatengo, huweza kwenda mbali bila kuingia gia ya nne. Injini hulia, mafuta huisha, na lawama huiangukia giaboksi. Kabla ya kukubali kuifungua, uliza: thamostati imo?

Kabla ya kuteremka

Katika mteremko mrefu, ovadraivu huiacha injini bila nguvu ya kulizuia gari, na mzigo wote hubebwa na breki. Breki zikichemka, hupoteza nguvu. Basi kabla ya kuanza kushuka kuelekea ziwani, punguza mwendo, bonyeza kitufe ili taa ya O/D OFF iwake, na mteremko ukizidi ukali ingia 2. Usiweke N kwa ajili ya kubana mafuta. Ukifika tambarare, rudisha ovadraivu.

Anayenunua gari lililotumika naye akibonyeze kitufe hicho kabla ya kutoa fedha. Taa isipowaka kabisa, huenda balbu imeungua, au imeondolewa ili kuficha kasoro. Muuzaji aeleze, na fundi wako asome namba kabla hamjakubaliana bei.