Ukiula leo, utajua wiki ijayo

Agosti 2008, Nicholas Evans, mwandishi Mwingereza wa riwaya ya The Horse Whisperer, alikuwa mapumzikoni kwa shemeji zake huko Scotland. Akachuma uyoga msituni, ukakaangwa, wakala watu wanne. Wote waliugua. Evans aliishi kwa kusafishwa damu kwa mashine hadi 2011, binti yake alipomtolea figo.

Uyoga huo unaitwa Cortinarius rubellus, nao huota kwenye kuvumwani chini ya misonobari na jamii zake, kaskazini mwa Ulaya. Hauna rangi ya kutisha. Ni wa kahawia iliyoiva kuelekea chungwa, kofia yake ina kinundu katikati, na mtu mwenye hamu huuona kantareli, uyoga mtamu unaosakwa katika misitu hiyohiyo.

Basi upindue. Chini ya kofia ya kantareli kuna mikunjo butu inayoteremka hadi kwenye shina. Huu una vipande vyembamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu. Shinani hupita mistari ya manjano iliyojipindapinda. Ukiwa mchanga, utando kama wa buibui huunganisha ukingo wa kofia na shina, lakini ukikomaa utando hupotea, kwa hiyo kutouona si ruhusa ya kula. Kofia ikilazwa usiku kucha juu ya karatasi nyeupe, huacha vumbi la rangi ya kutu.

Wapo wanaotumbukiza kijiko cha fedha sufuriani wakingoja kigeuke cheusi kuonyesha sumu, au wanaoamini kuwa palipotafunwa na konokono ni salama. Kijiko hakitambui sumu; na konokono ana mwili wake, wewe una wako.

Sumu ya uyoga huu, orelanini, haiondolewi na moto wala kukausha. Kiu kali, maumivu ya kiuno na mkojo kupungua huweza kuchelewa siku mbili hadi wiki tatu, mlo umeshasahauliwa. Ndiyo maana Poland, mwaka 1952, zaidi ya watu 100 walidhurika na uyoga wa ukoo huohuo, Cortinarius orellanus, kabla daktari Stanisław Grzymała hajaunganisha maradhi na sahani.

Dawa ya kuizima sumu hiyo haijapatikana. Hospitali husafisha damu na kusubiri. Watafiti wa Sweden nao, kwa kuwa orelanini huzichagua seli za figo, wanaijaribu dhidi ya saratani ya figo iliyosambaa.