Utatuzi wa Migongano kati ya Programu za Usalama katika Kompyuta Moja: Mazingira ya Kilwa na Pwani ya Lindi

Ikisiri

Makala hii inafafanua sababu zinazofanya programu mbili au zaidi za usalama zigongane zinapoendeshwa katika kompyuta moja, dalili za mgongano huo, na utaratibu wa kuutatua bila kuiacha kompyuta wazi. Mjadala unahusu kompyuta zinazotumia mfumo endeshi wa Windows katika ofisi za umma, shule, zahanati na steshenari za Kilwa na pwani ya Lindi. Hoja kuu ni kwamba ulinzi wa papo kwa papo hukabidhiwa programu moja tu. Aidha, pale ambapo umeme na intaneti havina uhakika, mpangilio wa hatua za utatuzi una uzito sawa na hatua zenyewe.

1.0 Utangulizi

Kompyuta ya steshenari katika mji kama Kilwa Masoko au Lindi hupokea diski mweko za watu wengi kwa siku moja: mwalimu anayechapisha mitihani, mwombaji wa ajira anayechapisha wasifu wake, karani anayetoa nakala za barua. Kila diski ni njia inayoweza kupitisha virusi. Mmiliki anayeona mafaili ya wateja yakigeuka njia za mkato hushawishika kuongeza kingavirusi ya pili juu ya ile aliyonayo, akiamini kwamba walinzi wawili ni bora kuliko mmoja.

Imani hiyo ina mantiki katika ulinzi wa nyumba, lakini haifai katika kompyuta. Walinzi wawili wa lango huonana na kugawana zamu, ilhali kingavirusi mbili hazina makubaliano yoyote, na kila moja imeundwa kwa dhana kwamba ndiyo pekee yenye mamlaka. Wahenga wa pwani waliieleza hali ya namna hii waliposema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Athari zake huvuka mipaka ya kompyuta kuwa nzito. Zahanati hutunza taarifa za wagonjwa na shule hutunza alama za wanafunzi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka mkusanyaji wa taarifa achukue hatua za kuzilinda. Mgongano unaozima ulinzi kimyakimya unaziweka taarifa hizo hatarini huku mtumiaji akidhani ziko salama.

2.0 Chanzo cha Migongano

2.1 Kugombea njia ya mafaili

Kingavirusi yenye ulinzi wa papo kwa papo hukagua faili kabla halijafunguliwa. Ili kufanya hivyo, huweka kiendeshi ndani ya kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo maombi yote ya kufungua, kuandika na kufuta mafaili hupita. Windows huvipanga viendeshi hivyo kwa namba za kimo. Kundi la kingavirusi limetengewa namba zinazoanzia 320000, na chenye namba kubwa huliona ombi kabla ya chenye namba ndogo.

Namba hizo huamua nani atangulie, lakini haziamui nani aamue. Programu ya kwanza inapolifungua faili ili ilikague, programu ya pili huweza kulichukulia tendo hilo kuwa ombi jipya na kuanza ukaguzi wake. Matokeo mepesi ni kazi moja kufanywa mara mbili. Matokeo mazito ni mkwamo, ambapo kila moja inasubiri faili lililoshikwa na nyingine. Mtumiaji huona kompyuta imeganda, huizima kwa nguvu, na huenda akapoteza hati aliyokuwa akiiandika.

2.2 Kushukiana

Kingavirusi hubeba saini za virusi, hufungua mafaili ya muda ili kuyachunguza, na hufuatilia mienendo ya programu nyingine. Tabia hizo zinafanana na za programu hasidi, kwa hiyo programu moja huweza kuishuku nyingine. Aidha, faili lenye virusi linapoingia, zote mbili hujaribu kuliweka karantini. Moja hufaulu na nyingine hutoa taarifa ya kushindwa. Mtumiaji anayesoma taarifa ya pili hajui kama virusi vimeondolewa au bado vipo.

2.3 Ngome mbili za mtandao

Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, mfumo una jukwaa linaloruhusu vichujio kadhaa vya mtandao kukaa pamoja, na kwa kawaida zuio hushinda ruhusa. Mtumiaji anaweza kuiruhusu programu katika ngome moja na bado ikazuiwa na nyingine. Tatizo huongezeka pale programu zote mbili zinapojiweka kati ya kivinjari na tovuti ili kukagua mawasiliano yaliyosimbwa, kila moja kwa cheti chake cha kidijiti. Kivinjari huweza kukataa kufungua ukurasa kwa kudai kwamba cheti hakiaminiki. Kwa ofisi ya halmashauri inayotegemea mifumo ya mtandaoni kama MUSE kwa malipo au NeST kwa manunuzi, kosa hilo lina maana ya malipo kusimama, na lawama huelekezwa kwa mtandao ilhali chanzo kimo ndani ya kompyuta.

2.4 Ushahidi kutoka matukio ya kimataifa

Mwezi Januari 2018, Microsoft ilipotoa marekebisho ya kukabili udhaifu wa vichakato uitwao Meltdown, ilibainika kwamba baadhi ya kingavirusi zilitumia kumbukumbu ya kiini kwa njia isiyokubalika, na kompyuta zilizokuwa nazo zingeweza kushindwa kuwaka. Microsoft iliamua kwamba marekebisho yasiingie hadi kingavirusi iweke alama maalumu katika rejista ya mfumo kuthibitisha kwamba inapatana nayo. Utaratibu huo ulidhani kuna kingavirusi moja. Palipokuwa na mbili, moja iliweza kuweka alama huku nyingine ikiwa haipatani. Kwa sababu hiyo, baadhi ya kampuni ambazo bidhaa zao hukaa sambamba na kingavirusi nyingine ziliacha kuiweka alama hiyo zenyewe.

Tukio la tarehe 19 Julai 2024 halikuwa mgongano wa programu mbili, lakini linaonesha uzito wa kila kinachokaa kwenye kiini. Sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5. Anayeweka programu mbili za kiwango hicho anaongeza maradufu milango ya ajali ya namna hiyo.

3.0 Utambuzi wa Mgongano

Dalili za kawaida ni kompyuta kuchelewa kuwaka, diski kufanya kazi mfululizo bila programu kufunguliwa, skrini ya buluu, masasisho kushindwa, na tovuti kukataa kufunguka katika kompyuta moja huku zikifunguka katika nyingine za mtandao uleule. Hakuna dalili kati ya hizi inayotosha peke yake, kwani diski mbovu au kumbukumbu ndogo huleta baadhi yake.

Uthibitisho hupatikana kwa njia tatu. Kwanza, ukurasa wa Usalama wa Windows huonesha programu zilizojisajili kuwa walinzi. Pili, amri ya fltmc, inayotolewa kwa mamlaka ya msimamizi, huorodhesha viendeshi vya mafaili pamoja na namba zake. Viendeshi vya kampuni mbili vikiwa ndani ya kundi la 320000, mgongano unawezekana hata kama programu moja haionekani kwenye orodha ya zilizosakinishwa. Tatu, kumbukumbu za matukio huonesha huduma zilizoanguka na saa zilipoanguka, na saa hizo hulinganishwa na saa za ukaguzi wa kila programu.

Inafaa kutofautisha migongano ya kweli na upatanifu uliokusudiwa. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Defender ni kingavirusi kamili, na hujiondoa kwenye ulinzi wa papo kwa papo kingavirusi nyingine inapojisajili. Hivyo, Defender pamoja na programu moja iliyojisajili si tatizo. Tatizo ni programu mbili za nje, au programu isiyojisajili. Tahadhari ya pekee inahusu Windows Server, ambako Defender hakijiondoi chenyewe, na fundi hulazimika kukizima au kukiondoa kwa mkono.

4.0 Utaratibu wa Utatuzi

Hatua ya kwanza ni kunakili mafaili muhimu kwenye hifadhi ya nje. Ya pili ni kuchagua programu itakayobaki. Vigezo vinavyofaa ni uhai wa leseni, ukubwa wa masasisho yake na kiasi cha kumbukumbu inachotumia. Programu ambayo leseni yake imekwisha haifai kubakishwa, kwa kuwa huweza kuendelea kushikilia viendeshi vyake bila kupata saini mpya.

Hatua ya tatu ni kuwa na faili la usakinishaji na leseni ya programu inayobaki mkononi kabla ya kuondoa chochote. Ya nne ni kukata mtandao, kuondoa programu nyingine kwa njia ya kawaida ya Windows, na kuwasha upya. Mabaki yakionekana katika fltmc, hutumika kifaa cha uondoaji kinachotolewa na mtengenezaji wa programu hiyo. Kufuta folda kwa mkono kunaweza kuacha kiendeshi kinachoelekeza mahali pasipokuwapo.

Hatua ya tano ni kuthibitisha. Faili la majaribio la EICAR, lenye herufi 68 na lisilo na madhara, hutumika kuona kama mlinzi aliyebaki anafanya kazi. Mtandao hurudishwa baada ya jaribio hilo kufaulu.

Iwapo maoni ya pili yanahitajika, itumike programu inayokagua kwa kuitwa tu, au ukaguzi wa nje ya mtandao wa Defender unaofanyika kabla Windows haijawaka. Pale ambapo taasisi inalazimika kuwa na bidhaa mbili, kila moja husamehewa ukaguzi wa folda za mwenzake. Msamaha huo uwe finyu. Kusamehe diski nzima ya C ni sawa na kuondoa mlinzi.

5.0 Mazingira ya Kilwa na Pwani ya Lindi

Utaratibu huu unategemea mambo mawili ambayo pwani ya kusini haina uhakika nayo wakati wote. Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Siku chache baadaye, tarehe 12 Mei, kukatika kwa nyaya za baharini za EASSy na SEACOM kuliathiri intaneti nchini. Fundi aliyeondoa kingavirusi akitarajia kupakua nyingine siku kama hiyo angeiacha kompyuta bila mlinzi, huku diski mweko za wateja zikiendelea kuchomekwa. Ndiyo sababu hatua ya tatu hapo juu haipaswi kurukwa.

Umeme ukikatika katikati ya uondoaji, mabaki ya viendeshi hubaki kwenye kiini. Kazi hiyo ifanywe katika kompyuta mpakato yenye chaji ya kutosha, au katika kompyuta ya mezani iliyounganishwa na betri ya akiba. Kwa shule au zahanati iliyo mbali, kwa mfano kisiwani Songo Songo, faili la saini za Defender linaweza kupakuliwa mara moja mjini na kupelekwa kwenye kompyuta zote kwa diski moja iliyokaguliwa, badala ya kila kompyuta kutumia bando lake.

Ipo pia sababu ya msingi inayowasukuma watumiaji kwenye kingavirusi ya pili: mfumo endeshi uliozeeka. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kasoro isiyozibwa na mtengenezaji wa mfumo haizibwi kwa kuongeza kingavirusi. Fedha ya leseni ya pili ingetumika vizuri zaidi katika kuuhuisha mfumo au kununua hifadhi ya nakala.

6.0 Hitimisho

Migongano kati ya programu za usalama hutokana na muundo wa programu hizo: kila moja inadai nafasi ileile ndani ya kiini na njia ileile ya mtandao. Kwa hiyo utatuzi wake ni kuamua mlinzi mmoja, kumwondoa mwingine kikamilifu, na kuthibitisha kwa jaribio. Kwa taasisi za Kilwa na Lindi, inapendekezwa kwamba kila ofisi iwe na daftari linaloonesha kingavirusi ya kila kompyuta, tarehe ya mwisho ya leseni, na mahali faili la usakinishaji linapohifadhiwa. Kwa taasisi za umma, mabadiliko yoyote ya programu za usalama yafanywe kwa idhini ya ofisa TEHAMA, ili fundi wa pili asirudishe mgongano ambao wa kwanza ameshauondoa.