Kwa Nini Mwanagofu Huharibikiwa Katikati ya Mchezo

Najua wengi wenu mkisikia neno gofu mnamwaza mzee mwenye kitambi na kofia nyeupe, na nyuma yake kijana aliyeinama kwa uzito wa mkoba. Picha hiyo si ya uongo. Yule kijana ni mimi. Kwa likizo kadhaa sasa nimekuwa kedi, yaani mbeba mkoba, kama alivyokuwa kaka yangu mkubwa kabla yangu. Katika kazi hiyo nimeona jambo moja mara nyingi mno hata nikaamua kuliandikia makala: mtu anacheza vizuri kabisa, tena mpaka katikati ya mchezo, kisha ghafla anakuwa kama hajawahi kushika fimbo maishani mwake.

Kwanza niwaeleze wasioujua mchezo wenyewe. Uwanja kamili una mashimo 18. Kila shimo limewekewa idadi ya mapigo ambayo mchezaji stadi hutarajiwa kuyatumia mpaka mpira uingie: 3, 4 au 5. Ukijumlisha yote, viwanja vingi hufika 72 au karibu na hapo. Anayepiga mara chache ndiye mshindi. Kwa hivyo, tofauti na kandanda, mwenye nambari kubwa ndiye anayelia.

Sasa tufanye hesabu kidogo, hata kama hili si gazeti la Chama cha Hisabati. Pigo moja, kutoka fimbo inapoinuliwa mpaka inapougonga mpira, halifiki sekunde 2. Mtu akipiga mara 80, jumla yake haifiki dakika 3. Lakini mchezo wote huchukua saa 4 au zaidi! Je, hizo saa nyingine zinakwenda wapi? Zinakwenda katika kutembea, kungoja wenzako, na kuwaza. Hapo ndipo shida ilipo. Katika kandanda mpira unakujia na beki amekukaba, huna nafasi ya kuwaza upuzi. Katika gofu mpira umetulia kwenye nyasi, unakungoja wewe, na hakuna wa kukusukuma. Ukikosea huna kipa wa kumlaumu.

Akili ikipewa saa 4 za bure hufanya nini? Huanza kuhesabu. Mchezaji akifika shimo la tisa, ambalo ni nusu ya safari, hutazama kadi yake. Akiona amefanya vibaya, anajiambia leo si siku yake. Akiona amefanya vizuri, bwana wee, hapo ndipo hatari inapoanza, maana sasa ana kitu cha kupoteza. Mbele ya macho yake haoni tena mpira, anaona kombe.

Mfano mashuhuri ni wa Arnold Palmer wa Marekani. Mwaka 1966, katika mashindano ya US Open mjini San Francisco, alikuwa mbele ya Billy Casper kwa mapigo 7 huku yakiwa yamebaki mashimo 9 tu. Saba! Palmer akaanza kuwaza jambo jingine kabisa: rekodi ya jumla ya mapigo 276 iliyowekwa na Ben Hogan mwaka 1948. Aliitaka. Akatumia mapigo 39 katika mashimo yale 9, na Casper akatumia 32. Wakatoshana. Kesho yake wakarudiana, na Casper akashinda. Rekodi Palmer hakuipata, na kombe pia likamponyoka. Mshika mawili, jamani!

Miaka 30 baadaye, katika Masters ya 1996 kule Augusta, Greg Norman wa Australia aliingia siku ya mwisho akiwa na mapigo 6 mbele ya Mwingereza Nick Faldo. Alimaliza akiwa nyuma kwa 5. Watu husema aliharibikiwa siku nzima, lakini ukichunguza utaona kidonda kilikuwa mahali pamoja: kuanzia shimo la 9 hadi la 12 alipoteza mapigo 5 katika mashimo 4 yaliyofuatana. Faldo naye hakufanya maajabu hapo. Alicheza kwa utulivu na kungoja.

Hayo ya mashimo manne yalinigusa sana, kwa sababu nilikuwa nimeshayaona kwa macho yangu.

Katika vilabu vingi vya nchi yetu makedi huruhusiwa kucheza Jumatatu, siku ambayo wanachama ni wachache. Kaka yangu amejifunza hivyo, kwa fimbo za kuazima. Mwaka jana kulikuwa na mashindano ya makedi, na mwanachama mmoja aliahidi kumlipia mshindi ada ya majaribio ya kuwa mchezaji wa kulipwa. Kwa mtu anayelipwa kwa kubeba mkoba, na ambaye pesa hizo ndizo zinazonilipia mimi sehemu ya karo, ahadi kama hiyo si mchezo. Nilimbebea mkoba mimi mwenyewe.

Mashimo 9 ya kwanza alitumia mapigo 37. La kumi akalimaliza kwa 4, sawa na lilivyowekewa. Tukiwa tunaelekea la 11, jamaa mmoja kando ya uwanja akapiga kelele: "Unaongoza kwa nne! Maliza tu, ni yako!" Alikuwa na nia njema. Lakini nilimwona kaka akiinamia mikono yake, akaitazama namna ilivyoshika fimbo, akaiachia, akaishika tena. Mashimo 10 hakuwa ameitazama mikono ile hata mara moja. Nikamwambia, "Kaka, piga tu kama kawaida." Akajibu, "Wewe wacha kuniongelesha."

La 11 la mapigo 4 likamla 6. La 12 la mapigo 3 likamla 5. La 13 lina mapigo 5, na hapo akataka kuyarudisha yote kwa mkupuo mmoja: akachukua fimbo ndefu kuliko zote, akapiga kwa hasira, mpira ukaingia msituni. Akajaribu kuutoa katikati ya miti miwili badala ya kuurudisha kando kwenye nyasi. Likamla 8. La 14 lilimla 6. Kisha, kama mtu aliyeamka usingizini, akaanza tena kucheza vizuri: 5, 3, 5, 5. Jumla 84. Aliyeshinda alikuwa na 81.

Tazameni hesabu hiyo vizuri. Mashimo 4 tu yalimpotezea mapigo 9. Kama angepoteza 5 pale, ambayo bado ni mabaya, angemaliza na 80 na kushinda. Ndiyo kusema hakuhitaji kucheza vizuri kuanzia pale. Alihitaji kucheza vibaya kiasi tu. Jambo hili watu wengi hawalielewi. Pigo la kwanza baya si ugonjwa, kwani kila mchezaji hulipiga. Ugonjwa ni lile pigo la pili, la kulipiza kisasi.

Lakini kwa nini ile mikono? Nilimuuliza mwalimu wetu wa Biolojia, akanielekeza kwa kazi ya watafiti wa Marekani, Sian Beilock na Thomas Carr, waliotoa makala yao mwaka 2001 kuhusu wachezaji wa gofu wanaposukuma mpira shimoni. Ustadi ulioiva hufanyika wenyewe, bila kuongozwa hatua kwa hatua. Wachezaji stadi hata hawawezi kukueleza vizuri walivyolipiga pigo lililopita, kwa sababu akili yao haikuwa hapo. Wakibanwa, huanza kuusimamia mwili: kiwiko hapa, goti pale. Ule mwendo uliokuwa kitu kimoja unakatika vipande vipande. Ni kama kushuka ngazi ukikimbia, kisha uanze kuwaza ni mguu upi unaofuata. Utaanguka!

Katika majaribio ya baadaye, Beilock na wenzake waliwapa wachezaji kazi ya kusikiliza sauti fulani huku wakisukuma mpira. Stadi walifanya vizuri zaidi walipokuwa wakisikiliza kuliko walipoambiwa waangalie mwendo wa mikono. Wanagenzi ilikuwa kinyume: wao waliharibu walipovurugwa, kwa maana bado wanahitaji kuwaza kila hatua. Kwa hivyo wewe unayeanza kujifunza, usije ukasema nimekuambia uache kufikiri.

Mwili nao una lake. Anayeogopa hukaza vidole, vidole vikikazwa mkono wote unakakamaa, na fimbo huzunguka upesi kuliko kawaida. Pia kuna njaa, na huyu ni adui asiyesemwa. Kuzunguka mashimo 18 kwa miguu ni kama kilomita 8 au zaidi, na nimeona wazee wanaokuja bila kunywa hata chai, kisha kufika la 12 wanamgombeza kedi kwamba amewapa fimbo mbaya. Fimbo haina kosa, mzee. Ni tumbo.

Je, mtu anaweza kujiokoa akiwa katikati? Anaweza, na mfano wangu ni Jordan Spieth wa Marekani, aliyeonja pande zote mbili. Katika Masters ya 2016 alikuwa mbele kwa mapigo 5 zikiwa zimebaki nusu ya mwisho ya mashimo. Akapoteza pigo moja la 10, moja la 11, na la 12, ambalo ni shimo fupi la mapigo 3, akautumbukiza mpira majini mara mbili na kumaliza kwa 7. Kufumba na kufumbua alikuwa nyuma kwa 3, na Danny Willett wa Uingereza akalichukua.

Mwaka uliofuata, katika The Open pale Royal Birkdale, Uingereza, siku ya mwisho shimo la 13, Spieth huyo huyo akaupiga mpira mbali sana upande wa kulia, juu ya kilima cha vichaka. Kila mtu akasema, haya, yale yale. Lakini safari hii hakukimbilia kulipiza. Alikubali adhabu ya pigo 1, akachukua zaidi ya dakika 20 kuwauliza waamuzi mahali anaporuhusiwa kuuweka mpira, akashauriana na kedi wake Michael Greller, na akalimaliza shimo kwa kupoteza pigo 1 tu. Alikuwa nyuma ya Matt Kuchar kwa 1. Mashimo 4 yaliyofuata akayacheza kwa mapigo 5 chini ya yaliyowekwa, na akashinda kwa 3. Hapo kwangu siri ilikuwa pale kwenye kilima, kabla ya yale mapigo ya kupendeza: alikubali kupoteza moja ili asipoteze nne.

Na hapa niwasifu makedi, maana nani mwingine atatusifu? Kwa kanuni za gofu, mchezaji anayecheza peke yake haruhusiwi kuomba ushauri wa mchezo kwa mtu yeyote ila kedi wake. Sisi ndio mdomo pekee. Lakini kedi mzuri hatoi hotuba. Hatembei mbele mbio, kwa sababu mchezaji aliyeharibu huongeza mwendo, na ukienda polepole naye hupunguza. Hatamki jumla ya mapigo. Humpa ndizi kabla hajaomba. Na mpira ukiwa msituni, anashika ile fimbo fupi ya kurudishia nyasini na kuinyosha bila kusema kitu.

Tangu siku ile mimi na kaka tumeongeza letu. Kadi nabeba mimi, na yeye haioni mpaka la 18. Tukitembea kutoka pigo hadi pigo, namwambia "Kitendawili!" naye anajibu "Tega!" Anapofika kwenye mpira bado anatafuta jibu, na mikono inajifanyia kazi yake. Sidai kuwa ni sayansi, ila Jumatatu tatu zilizopita mashimo ya 11 hadi 14 hayajamla zaidi ya mapigo 18. Mashindano ya makedi yanarudi Desemba, na yule mwanachama amesema ahadi yake iko pale pale. Vitendawili vyangu ambavyo kaka hajavisikia vimebaki kumi na viwili hivi, kwa hivyo yeyote aliye na vipya aniletee bwenini kabla shule haijafungwa.