Je, Wajua? Bonde la Paa Hubeba Maji ya Pande Mbili

Je, wajua kwamba milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili ya maji? Chukua nyumba yenye umbo la L, ambayo pande mbili za paa, kila upande mita 25 za mraba, humwaga maji kwenye bonde moja, lile ambalo mafundi wengi huliita vali. Mvua ya masika ya milimita 40 ikinyesha, bonde hilo limepitisha lita 2,000, yaani mapipa 10 ya lita 200, katika njia nyembamba kuliko zote juu ya nyumba. Inaniuma kuona bati la bonde ndilo hununuliwa mwisho, kwa hela iliyobaki.

Je, wajua kwamba bonde limelala zaidi kuliko paa lenyewe? Pande mbili zenye mwinuko wa nyuzi 30 zikikutana kwa pembe mraba, bonde lao lina nyuzi 22 tu. Zikiwa za nyuzi 15, bonde hubaki na nyuzi 11 hivi. Kwa hiyo maji ni mengi kuliko popote na mteremko ni mdogo kuliko popote, tena mahali pamoja. Wenye nyumba za makuti pwani wanalijua hili vizuri. Makuti hutaka mwinuko wa karibu nyuzi 45 ili maji yateremke kabla hayajapenya. Bondeni nyuzi hizo 45 hushuka hadi 35, na hapo ndipo kuoza huanzia. Ukipanga nyumba ya makuti, bora uchore ramani isiyo na bonde kabisa. Likishindikana, fundi aongeze unene wa makuti pale pande zinapokutana, njia iwe ya mviringo badala ya kona kali.

Je, wajua kwamba namba ya geji huenda kinyumenyume? Bati la geji 32 ni jembamba kuliko la 30, na la 30 ni jembamba kuliko la 28. Kama mfuko unaruhusu geji 30 kwa paa zima, bonde livae 28. Ni mita chache tu, hazitakufilisi.

Migongo ya bati si urembo. Henry Robinson Palmer alipata hataza ya bati la migongo jijini London mwaka 1829, na nguvu yake yote iko kwenye ile mikunjo. Bati la bonde ni la pleni, halina mikunjo hiyo, kwa hiyo halijibebi. Lisipowekewa ubao mpana chini yake, siku fundi wa antena atakapolikanyaga litabonyea, na maji yatatuama kwenye kibonyeo hicho mpaka litoboke.

Miaka 8 baada ya Palmer, mwaka 1837, Mfaransa Stanislas Sorel alipata hataza ya kupaka chuma zinki. Zinki hufa kwanza ili chuma kipone: hata ukilikwaruza bati, zinki ya pembeni huliwa badala ya chuma. Lakini hiyo ni akiba, na akiba huisha. Majani ya mwembe yakilundikana bondeni hushika unyevu siku nyingi baada ya mvua kukatika, na chini yake zinki inazidi kuliwa. Panda ukayafagie kabla ya vuli na kabla ya masika.

Je, wajua kwamba bati linaweza kuanza kuharibika likiwa bado dukani? Mabati yaliyopangwa yakiwa yamebanana, kisha maji yakaingia katikati, huota unga mweupe. Huo ni mwanzo wa kuliwa kwa zinki. Unapochagua bati la bonde, pitisha kidole; ukiona unga umebaki kidoleni, omba jingine.

Mabati mengi ya kisasa yamepakwa mchanganyiko wa aluminiamu asilimia 55, zinki kiasi cha 43, na silikoni kidogo. Hudumu vizuri, ila yana maadui wake. Simenti mbichi huyashambulia, kwa hiyo usikubali bonde lizibwe kwa plasta. Maji yanayotoka juu ya shaba huyatafuna. Risasi isiyaguse.

Je, wajua kwamba harufu inaweza kukuonya? Ukifungua silikoni ya kuzibia matundu ukasikia harufu ya siki, usiipake kwenye bati la zinki. Asidi inayotoka wakati silikoni hiyo inakauka hula zinki pale pale ulipotaka kuziba, na msimu ujao tundu litakuwa kubwa zaidi. Ulizia silikoni isiyo na asidi, au gundi ya poliyurethani ya mabati. Dukani zinafanana, na wauzaji wengi hawataji tofauti. Harufu ndiyo itakuambia.

Uingereza mabonde mengi ya nyumba za zamani yamefunikwa kwa risasi, na vipande havitakiwi kuzidi mita 1.5 hivi, kwa sababu risasi hutanuka sana juani na ikibanwa hupasuka. Kwetu tunaokinga maji ya mvua kwa kunywa, risasi haifai hata kidogo, kwa kuwa ni sumu, hasa kwa watoto. Paris nako paa nyingi ni za zinki, na ujuzi wa mafundi wake uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu Desemba 2024.

Bati nalo hutanuka. Kipande cha aluminiamu cha mita 6, joto likipanda nyuzi 40, hurefuka zaidi ya milimita 5. Misumari ikipigwa katikati ya bonde, kila siku jua linapanua matundu yake. Misumari ikae kingoni, mbali na njia ya maji.

Je, wajua kwamba maji hupanda mlima? Penye upenyo mwembamba kati ya bati na bati, maji hujivuta juu kinyume na mteremko. Dawa yake ni kukunja kingo za bati la bonde zirudi juu, na vipande vikiunganishwa, cha juu kikilalie cha chini kwa sentimita 15 au zaidi. Mkunjo mdogo wa kusimama katikati nao husaidia, kwani maji ya upande wenye kasi hayavuki kwenda chini ya mabati ya upande wa pili. Wengi huona mkunjo huo ni madoido. Mimi nasema ulipie.

Mabati ya pande mbili yasigusane bondeni. Yaache wazi kiasi cha sentimita 20, takataka zipite. Na yakatwe kwa mkasi, si kwa grenda: cheche za grenda hunasa kwenye rangi na kila moja huota kutu.

Doa la dari si lazima liwe chini ya tundu. Maji huingia bondeni, hufuata papi au kenchi, kisha hudondokea chumba kingine kabisa. Ingia darini mchana jua likiwa kali. Tundu litaonekana kama nukta ya mwanga. Usipoona kitu, mwenzako apande na mpira wa maji, aanze kumwagilia chini ya bonde, apande polepole. Akianza juu, maji yatateremka mpaka chini na hutajua yalipoingilia. Ukishapata mahali, kiraka cha bati kiingizwe chini ya kipande cha juu. Lami iliyopakwa juu hupasuka kwa jua, maji yakajificha chini yake, na bati likaliwa bila wewe kuona.