Mlango Ndio wa Kijani, Si Nyumba

Mpwa wangu kazaliwa Uingereza, na Kiswahili chake hakivuki salamu. Nilipotaka aijue nyumba ya nyanya yangu, Mji wa Kale, Mombasa, sikuwa na budi kumwandikia hadithi kwa Kiingereza. Nyumba yenyewe ilikwishauzwa. Kijana akaisoma, akachora picha, akaniletea: nyumba ya kijani, kuta zote hadi darini!

Nilihamaki kidogo, kisha nikarudi kutazama nilichoandika: the door of the house which was painted green. Lahaula! Kosa lilikuwa langu. Kuta zilikuwa nyeupe, za chokaa. Cha kijani kilikuwa mlango, ambao babu aliupaka kwa mkono wake mwaka aliorudi Hija.

Sisi, ndugu msomaji, hili halitusumbui. Tukisema "mlango wa nyumba uliopakwa rangi," ni mlango. Tukisema "iliyopakwa," ni nyumba. Ngeli huishika sifa mkono ikaifikisha kwa mwenyewe. Kiingereza hakina ngeli hizo. Hapo, sifa hujulikana ni ya nani kwa mahali ilipokaa. William Strunk, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alilitia jambo hili katika kitabu chake kidogo, The Elements of Style, mwaka 1918: maneno yanayohusiana yawekwe pamoja. Nami kitabu ninacho kabatini, miaka mingi!

Nikaandika upya: the green door of the house. Basi.

Wako wanaodhani hadithi ya Kiingereza haikolei mpaka kila kitu kivishwe sifa tatu. Mimi siafiki. Sifa moja iliyokaa pake yatosha.

Nikaipekua hadithi nzima, nikakuta kituko kingine. Kwetu nikisema "nikishuka ngazi," ile "ni" ya mwanzo imekwisha kunitaja. Kwa Kiingereza niliandika: Coming down the stairs, the smell of udi met me. Kwa sarufi yao, aliyeshuka ngazi ni harufu ya udi! Nikajitia mwenyewe mbele: Coming down the stairs, I smelt udi.

Juzi picha ya pili imefika. "Mjomba, sasa je?" kaandika chini yake. Kuta nyeupe, mlango wa kijani, mashallah. Ila kauchora wa upande mmoja, na wetu ulikuwa wa pande mbili. Hilo sikuwa nimeliandika.