Taji la Shaba: Kutoka Roma hadi Tabora

Kaisari wa Roma, ambaye raia wake wa mbali hawakupata kumwona, aliwafikia mikononi mwao kwa sarafu: upande mmoja kichwa chake, upande wa pili taswira ya jambo alilotaka lisadikiwe, kama ile ya Vespasianus ya mwaka 71 baada ya Kristo, ambamo mwanamke wa Yudea ameketi chini ya mtende, ameinamisha kichwa kwa huzuni ya kushindwa. Tangu zama za Augusto sarafu kubwa, sestertius, ilikuwa ya shaba ya manjano, na ile ndogo, as, ya shaba nyekundu. Kuipata ile ya manjano kulitaka maarifa, kwani zinki huchemka na kutoweka hewani kwa nyuzi 907, kabla shaba haijayeyuka. Hivyo mafundi waliitia shaba vyunguni pamoja na makaa na mawe yenye zinki, wakaviziba, ili mvuke ule uingie katika shaba.

Madini hayo yalikutana tena katika nchi yetu mwaka 1916, ilipokuwa koloni la Ujerumani. Manowari za Kiingereza zilikwisha kuziba bahari, sarafu za Ujerumani haziji, na askari wangali wakidai mishahara. Basi katika karakana ya reli, Tabora, zikapigwa sarafu za heller 20, nyingine za manjano, nyingine nyekundu, kwa maganda matupu ya mizinga na shaba yoyote iliyopatikana. Itazame kwa karibu: taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Kijerumani), mwaka, na T ya Tabora. Mihuri ya chuma ilichakaa upesi ikachongwa mingine, ndiyo maana taji huwa mara kubwa, mara dogo, na ncha ya L katika neno HELLER mara imechongoka, mara imejikunja. Taji ni lile lile la heller za wakati wa amani, lakini kwa rai yangu ukwaruzo wake watueleza hali ya dola ile kwa ukweli kuliko Roma ilivyojieleza kwa mtende wake.

Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo Wabelgiji waliingia Tabora, na nchi yetu ya Buha ikakaa chini yao hadi 1921.

Basi, ndugu msomaji wa Gwarama, ukiikuta heller shambani au katika kibweta cha bibi, usiisugue kwa mchanga wala ndimu, kwani tabaka la kijani lililo juu yake huikinga shaba isizidi kuliwa, na ukilisugua utaifuta na ncha ya L. Ipeleke kwa afisa utamaduni wa wilaya, umweleze na mahali ulipoiokota.