Jua la Dirishani Halijengi Mfupa

Kila Agosti, kabla ya mwaka wa masomo kuanza Urusi tarehe 1 Septemba, familia zinazojiandaa kwenda kuishi huko huuliza swali lile lile: tubebe kilo ngapi za unga? Swali hili limeulizwa mara nyingi mno, na kila linapoulizwa linalifunika lile lililostahili kuulizwa. Mchele upo Moscow. Maharage, viazi, kabichi, mayai, kuku na ndizi vipo. Kuna semolina, ambayo Warusi huiita manka na hupikia watoto uji. Ukiisonga inashika mkononi. Kuna grechka, nafaka ya kahawia inayopikwa kama wali kwa kikombe kimoja na maji vikombe viwili, yenye protini nyingi kuliko mchele. Wanafunzi kutoka Afrika wanaishi Moscow tangu Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilipoanzishwa mwaka 1960, na kilichowapungukia si wanga. Mtoto anayetoka Dar es Salaam au Kisumu kwenda Moscow anapoteza kitu kimoja ambacho hakuna begi linaloweza kukibeba, nacho ni jua. Bila jua ngozi haitengenezi vitamini D. Bila vitamini D mwili haufyonzi kalisi ipasavyo. Na mfupa wa mtoto usiopata kalisi hulainika, miguu ikapinda, tukaita matege.

Wazazi wengi wanalijua hilo, na hapo ndipo linapoingia jibu ambalo limeshika mizizi kuliko yote: siku ya jua, mvue mtoto nguo, mweke dirishani ndani ya nyumba yenye joto, apate vitamini yake. Jibu hili ni kosa, na ni kosa linalodhuru, kwa sababu humpa mzazi utulivu asiostahili kuwa nao. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa mionzi ya urujuanimno aina ya B peke yake. Kioo cha kawaida cha dirisha hupitisha mwanga na joto lakini huizuia mionzi hiyo karibu yote. Mtoto aliyekaa dirishani anaona jua, anahisi joto lake, na hatengenezi chochote. Warusi wenyewe walilitambua hilo zamani. Katika miji ya kaskazini kama Murmansk, ambako kuanzia mapema Desemba hadi Januari jua halichomozi kabisa, watoto wa chekechea walisimamishwa duara kuizunguka taa ya urujuanimno, wamevaa chupi na miwani ya giza. Taa hiyo ilitengenezwa kwa kwatsi badala ya kioo cha kawaida, kwa kuwa kwatsi huipitisha mionzi ambayo kioo huizuia. Kama kioo kingefaa, taa hizo zisingehitaji kwatsi.

Wengine husema: basi, tufungue dirisha, au tumtoe mtoto nje. Kumtoa nje ni vyema kwa pumzi, kwa usingizi na kwa michezo, na watoto wa Kirusi hutolewa hata kwenye baridi kali. Lakini katikati ya Desemba jua la Moscow, hata adhuhuri, hupanda nyuzi 11 tu juu ya upeo wa macho, na kivuli cha mtu kinazidi kimo chake mara tano. Likiwa chini hivyo, mionzi yake hupita mshazari katika anga nene, na ile ya aina ya B huishia njiani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba Boston, kwenye latitudo ya 42, ngozi haikutengeneza vitamini D kuanzia Novemba hadi Februari. Edmonton, iliyo kaskazini zaidi, hali hiyo ilianza Oktoba ikaendelea hadi Machi. Moscow iko karibu na latitudo ya 56. Hayo ni kwa ngozi iliyo wazi, na mtoto wa Moscow wakati huo ameachwa wazi uso tu.

Hoja inayonichosha zaidi ni ile inayosema sisi watu weusi tuna jua la akiba mwilini. Ukweli ni kinyume chake. Rangi ya ngozi yetu ni kinga. Huikamata mionzi kabla haijafanya kazi, hivyo ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani kuliko nyeupe ili itengeneze kiasi kile kile. Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania waliopimwa katika utafiti wa mwaka 2012 walikuwa na kiwango kizuri sana cha vitamini D, wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kwa kuwa wanashinda nje chini ya jua la tropiki. Kiwango hicho kinatoka juani kila siku. Ile aina ya vitamini inayozunguka katika damu hupungua kwa nusu katika wiki mbili au tatu, na akiba iliyo kwenye mafuta ya mwili haiwezi kutegemewa msimu mzima. Na wanaouliza mbona Warusi wanaishi tu, wajue kwamba hawaishi tu: vizazi vya watoto wa Kisovyeti vilinyweshwa kijiko cha mafuta ya samaki, na leo madaktari wao huwaandikia watoto wachanga matone ya vitamini D kama jambo la kawaida.

Basi fanyeni hivi. Nunueni matone ya vitamini D duka la dawa, yaani apteka, na muanze kabla ya Oktoba. Kwa uchache mtoto chini ya mwaka mmoja hupewa yuniti 400 kwa siku, hata anayenyonya, kwa sababu maziwa ya mama yana vitamini D kidogo mno. Aliyezidi mwaka, yuniti 600. Daktari wa huko akiandika zaidi, mfuateni. Someni kichupa: kwa baadhi ya dawa tone moja lina yuniti 500, na kuzidisha kupita kiasi hudhuru figo. Kuleni samaki wa mafuta, heringi au skumbriya (jamii ya vibua), mara mbili kwa wiki. Ini la chewa la kopo lina vitamini D nyingi, lakini mjamzito aliepuke kwa wingi wa vitamini A. Kalisi itoke kwenye kefir na tvorog, yaani maziwa mgando na jibini laini. Mtoto akichelewa kutembea au miguu ikipinda, apimwe damu. Na unga? Kichupa cha matone kikishapata nafasi, ubebeni kiasi mnachotaka, kwa kuwa hamu ya ugali wa nyumbani nayo ni njaa. Ila msiutegemee kwa mifupa ya mtoto.